Mbwa Huyu ni wa Nani?

Neno tunalotaka kulifikiri pamoja mwezi huu limeandikwa katika kitabu cha pili cha Musa, kiitwacho Kutoka, sura ya 21, tangu mstari wa 28. Hapo Mungu awapa Waisraeli sheria ya ng'ombe apigaye watu kwa pembe. Mtu asiyejua kwamba ng'ombe wake ni mkali hahesabiwi sawasawa na yule aliyekwisha kuonywa tangu zamani, naye asimfunge. Huyu wa pili adaiwa sana. Someni wenyewe, tena msome polepole. Kisha fungueni Kumbukumbu la Torati 22:4, mwone mtu apewa amri gani akimkuta punda wa ndugu yake ameanguka njiani.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, hayo ni maneno ya ng'ombe na punda, sisi hatuna ng'ombe wapigao watu." Haya, lakini mbwa tunao, na barabara tunayo. Leo twataka kusema habari ya mbwa aliyegongwa na gari, na habari ya mwenyewe, yampasa nini. Jambo hili lilitupata sisi nyumbani kwa mchungaji, nalo latuhukumu. Si haki kuwafundisha wengine na kulificha la kwetu.

Nyumba yetu iko karibu sana na barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha. Tulikuwa na mbwa, jina lake Askari, mlinzi mwema wa usiku, ila alikuwa na tabia moja mbaya: kila pikipiki iliyopita aliifukuza akibweka hata kwenye kona. Mama mmoja auzaye ndizi mbele ya lango letu alituambia mara mbili, "Mchungaji, mbwa huyu ataua mtu, au atauawa yeye." Mwinjilisti wetu naye alituambia. Tukaitikia, tukasema tutatengeneza lango. Mvua zikaja, mkutano ukaja, sikukuu ikaja, na lango likabaki vile vile na ubao wake ulioanguka.

Jioni moja, giza limekwisha kuingia, tulikuwa tumesimama pale langoni pamoja na wazee wawili wa kanisa, tukizungumza habari za paa la kanisa. Askari akatoka mbio. Tukasikia kishindo, na gari dogo likasimama mbele kidogo, taa yake moja imevunjika. Mwenye gari akashuka, akatujia, akasema, "Shikamooni, wazee wangu. Mbwa huyu ni wa nani?"

Ndugu, jibu lake lilikuwa maneno mawili tu: ni wetu. Nasi tulinyamaza. Katika kunyamaza kule tulihesabu bei ya taa, tukahesabu na fedha zilizobaki za mwezi. Mzee mmoja, akitaka kutusitiri, akajibu, "Ah, mwanangu, huyo ni koko tu wa njiani. Nenda zako salama." Yule mtu akasimama kidogo akitutazama, kisha akarudi garini akaenda zake. Hatukumwita.

Gari lilipokwisha kuondoka, Askari akajikokota kwa miguu ya mbele, ile ya nyuma ikiburutika mavumbini, akafika langoni, akaweka kichwa chake juu ya kiatu chetu. Sisi tulikuwa tumemkana. Yeye alitukiri mbele ya wazee wa kanisa.

Twajua kwamba wako watakaocheka: mahubiri juu ya mbwa! Kweli, Maandiko hayamsifu mbwa mara nyingi. Mtume Paulo alipotaka kuwaonya Wafilipi juu ya watenda mabaya, aliwaita mbwa. Hata hivyo Daktari Martin Luther alikuwa na mbwa nyumbani kwake Wittenberg, na siku moja alipomwona akiikazia macho nyama mezani, alitamani yeye mwenyewe aweze kumkazia Mungu moyo namna ile akiomba. Tena katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoieleza sehemu ya kwanza ya Imani, awataja wanyama wa nyumbani miongoni mwa vitu alivyopewa mtu na Mungu, pamoja na nyumba, shamba, mke na watoto. Basi mtu akisema kila Jumapili kwamba aamini hayo, kisha jioni barabarani akasema "si wangu," amemkana nani? Hatusemi kwamba mbwa ni sawa na mtu. Twasema mwenye mbwa ni mtu, na mtu ataulizwa.

Tazameni tena jinsi uongo ule mdogo ulivyozaa. Amri ya nane tuliivunja papo hapo, ingawa kinywa kilichosema si chetu. Amri ya saba nayo tuliivunja, maana taa ya mwenzetu ilivunjwa na mali yetu, tukamwacha aibebe hasara peke yake. Na amri ya tano? Luther afundisha kwamba kutoua maana yake ni kumsaidia jirani katika kila shida ya mwili wake pia. Wakati wote tuliposimama tukinyamaza, mbwa alikuwa barabarani gizani. Kama kijana wa bodaboda angalipita wakati ule na abiria wake, angalimkanyaga, nao wangalianguka wote wawili. Hilo Mungu alituepusha nalo.

Lakini la mtoto lilitupata. Mtoto wetu mwenye miaka tisa alisikia kilio cha mbwa akaja mbio, akamkumbatia kabla hatujamzuia, naye Askari kwa ukali wa maumivu akamng'ata mkono. Mbwa yule hakuwa amemng'ata mtu wa nyumbani tangu azaliwe. Bwana mifugo alipofika akauona uti wa mgongo umevunjika, akatueleza kwamba hakuna tumaini, akampiga sindano ya kumwondoa bila mateso. Kisha akaiomba kadi ya chanjo. Tarehe yake ilikuwa imepita mwaka na zaidi.

Hapo ndipo tulipotambua ukubwa wa deni letu. Mbwa aliyemng'ata mtu, akiwa mzima, aweza kufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki na afya siku zote hizo, yajulikana kwamba siku aliyong'ata mate yake hayakuwa na kichaa. Wetu alikuwa amekufa, na chanjo hana. Basi mtoto hakuwa na njia ila kupewa sindano zote. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu wote hufa; lakini chanjo ikiwahi huzuia. Mfaransa Louis Pasteur alimchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885, na mtoto yule akapona. Usiku ule tulimkumbuka mara nyingi tukiwa njiani kwenda hospitali.

Baadaye bwana mifugo alitufundisha mambo ambayo yafaa kila mwenye mbwa ayajue kabla ya siku hiyo. Kwanza mtu asikimbilie barabarani naye akagongwa; na apunge nguo au taa, magari yasimame. Watoto washikwe mkono, wasisogee. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake, kwa hiyo amkaribie polepole akimwita kwa jina lake, amfunge mdomo kwa kitambaa. Lakini kama anatapika au anapumua kwa shida, asimfunge. Asimnyanyue kwa miguu. Amtelezeshe juu ya ubao au gunia lililokazwa, wabebe watu wawili. Damu itokayo ikandamizwe kwa nguo safi. Amfunike apate joto. Asimpe chakula wala maji, wala vidonge vya maumivu vya watu, maana vingine humwua mbwa.

Tena, hata akiinuka na kutembea, asifurahi upesi. Mbwa aweza kutembea naye anavuja damu ndani, au kibofu chake kimepasuka, akafa kesho yake. Ufizi ukiwa mweupe, pumzi ikiwa ya haraka, au mkojo usipotoka, ni shida kubwa. Na apelekwe kwa daktari wa mifugo siku ile ile. Na kama hakuna kupona, aondolewe na mwenye ujuzi. Kumwacha mtaroni siku tatu ajifie, au kumpigia watoto kelele wamalize kwa mawe, si kazi ya Mkristo, na Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 iliyokataza kuwatesa wanyama. Aliyeng'atwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali bila kungoja kucha. Sisi tulimwosha mtoto vizuri, hilo tulilijua.

Kuna mmoja wetu aliyetuuliza kama yafaa kumtafuta mwenye gari, maana ameshakwenda zake, na gharama za mtoto zilikuwa tayari nyingi. Twakiri kwamba kwa wiki nzima swali hilo lilitupendeza. Jumapili tulipanda mimbarani, na somo la siku hatukuweza kulisoma kwa sauti ya kawaida. Baada ya ibada tukawaambia washarika habari yote, kama tulivyoiandika hapa, na yule mzee wetu akasimama naye akasema lake bila kuombwa.

Mama wa ndizi ndiye aliyetuambia: mwenye gari lile ni mwalimu, hupita kila Ijumaa kwenda kwao. Ijumaa iliyofuata tukamngoja barabarani. Alipotuona akasimamisha gari, na taa ilikuwa bado imevunjika. Tukamwambia, "Mwalimu, mbwa yule alikuwa wetu. Tulikuficha. Tumekuja kuomba radhi na kulipa taa."

Akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Mchungaji, mimi sikuuliza kwa ajili ya taa. Nilitaka kumpa pole mwenyewe, na garini nilikuwa na nafasi ya kumpeleka mbwa kwa daktari. Mlipokataa nikadhani hana mtu, nikaenda. Sikulala vizuri siku ile, maana nilimwacha."

Hatukuwa na neno la kumjibu. Akaipokea fedha ya taa, maana tulimsihi, akaihesabu, akaturudishia iliyozidi. Akauliza kama kweli aliyosikia, kwamba mtoto aling'atwa. Tukamwambia ni kweli, na kwamba imebaki sindano moja. Akaandika siku yake, akasema atapita mapema na gari, atupeleke.