Tembo si Dawa ya Tumbo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad. Ama baada ya hayo:

Mbweni, kusini ya mji wa Unguja, minazi ni mingi na mgema hayuko mbali. Mwenye tumbo dhaifu akivimbiwa huambiwa: “Kunywa tembo kidogo, utacheua, tumbo litatulia.” Na kwa kuwa hapo pana kanisa tangu mwaka 1882, huongezewa ya kuwa hata Paulo alimwusia Timotheo mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hayo ni ya wenye dini yao. Mwislamu ana ya Mtume wake.

Tariq bin Suwayd alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, khabari ya kutengeneza mvinyo kwa ajili ya dawa. Akajulishwa ya kwamba huo ni maradhi. Na hadithi hiyo imo katika Sahihi Muslim.

Maji matamu yatonayo katika mnazi ni halali. Lakini hayakai kibuyuni saa nyingi ila huchacha, yakafanya povu na kulevya. Na kilevyacho kwa wingi, uchache wake ni haramu pia. Povu lile ni pumzi, nayo ndiyo aicheuayo mnywaji akadhani amepona. Kumbe kileo huchubua tumbo kwa ndani, hulegeza mlango wake wa juu, na maji yake makali yakapanda kifuani. Nafuu ya jioni hulipwa kwa kiungulia cha usiku.

Atasema mtu: “Je, dharura?” Naam, ipo. Wanavyuoni wa Kishafii wamesema, aliyesakamwa na tonge asipate kitu kingine cha kuliteremshia, humpasa kuliteremsha hata kwa mvinyo, asije akafa. Basi mgonjwa na ajipime na huyo: je, roho yake iko kooni? Kusakamwa si kuvimbiwa. Mwenye kuvimbiwa ana uji mwepesi, ana kula kidogo kidogo na kutolala mara baada ya chakula. Na hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali. Mlango wa dharura hufunguliwa pale milango mingine yote ilipofungwa.

Na amshauriye mgonjwa tembo humwongezea maradhi ya dini juu ya maradhi ya tumbo. Mwenyiezi Mungu awaponye wagonjwa kwa halali yake. Amin.