Jando Limekwisha, Uanaume Uko Wapi?

Stendi ya Nachingwea, asubuhi. Basi dogo la Ruangwa halijajaa, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Anapanda jamaa mmoja na kapu la vichupa. Hauzi maji wala korosho. Anauza uanaume. "Wazee, vijana, msione haya! Mkuyati huu, vumbi la Kongo hili, kijiko kimoja tu, mama mwenyewe nyumbani atakuamkia!" Abiria tunacheka, na wanaume tunacheka kuliko wanawake. Lakini basi likikaribia kuondoka, utaona mkono mmoja unanyooshwa kimyakimya, na noti ndani yake imekunjwa ndogo kama kikaratasi cha kuibia mtihani.

Sasa nakuuliza, ndugu msomaji: kama uanaume tulishapewa kumbini, mbona tunaununua tena stendi?

Sisi watu wa kusini, Wamwera, Wayao, Wamakonde, ni watu wa jando. Siri za kumbi sitaziandika, maana niliapa, na mwandishi naye ana kwao. Nitasema lile ambalo kila mtu analijua: unafundishwa kuvumilia. Unatoka na jina jipya, ngoma zinalia, mama anapiga vigelegele, unaambiwa utoto umebaki porini. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa kule Ruangwa, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Hakulia. Mimi nililia, na kilio hicho nilikumbushwa mpaka namaliza kidato cha nne.

Kaka akaoa. Mwaka wa kwanza kimya, wa pili kimya. Shemeji akaenda hospitali peke yake, akapimwa, akaambiwa arudi na mume wake. Kaka akakataa katakata. Eti mwanaume mzima aende kupimwa! Pesa ya korosho ya misimu miwili ikaishia kwa wauza vichupa. Kijiweni tukamtungia jina, na mimi nilikuwemo. Nilicheka kwa sauti, maana nani angemkumbuka aliyelia jandoni wakati yupo wa kuchekwa zaidi? Ndoa ikavunjika. Kaka akatoweka machimboni bila kuaga.

Baadaye ndipo nilipojua mambo ambayo mtu angeweza kumweleza kwa dakika tano. Nguvu za kiume ni kitu kimoja, uwezo wa kuzalisha ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza akakosa cha pili. Matubwitubwi yakimpata kijana aliyekwisha kubalehe yanaweza kuharibu mbegu zake. Kisukari na shinikizo la damu huweza kupunguza nguvu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita hupata tatizo la uzazi maishani mwake. Mmoja kati ya sita! Basi dogo likijaa, hesabu mwenyewe.

Utaniambia: hiyo ndiyo mila, mwanaume ni kichwa cha nyumba, hakiri udhaifu. Mila ipi, bwana? Kwa Wamwera wa zamani, mwanaume akioa alihamia kwa wakwe. Alipimwa kwa jembe lake na adabu yake, watoto walikuwa wa ukoo wa mama, na mwenye kauli alikuwa mjomba. Babu zetu waliishi hivyo na hakuna aliyewaambia si wanaume. Na kama uanaume ni ushujaa wa porini, basi tukumbuke mwaka 1967, wasichana wa Msumbiji walipofundishwa bunduki katika kambi ya FRELIMO hapahapa Nachingwea. Josina Machel alikuwa mmoja wao. Hao nao tuwaite nani?

Wala ugonjwa huu si wetu peke yetu. China, Septemba 2021, wasimamizi wa televisheni waliagiza wanaume waliojiremba wasionyeshwe, wakaitwa kwa jina la dharau. Korea Kusini kijana mzima wa mwili lazima apite jeshini. Kila mahali uanaume ni deni linalolipwa kila siku, na risiti hupewi.

Simo katika wale wanaotaka jando life. Ukilifuta, vijana watafundishwa na muuza vichupa peke yake. Na jando linabadilika. Majirani zetu wa Masasi wanajua jinsi Askofu Vincent Lucas wa Waanglikana alivyolikubali akalitia Ukristo badala ya kulipiga marufuku. Kama liliweza kupokea sala, litashindwa kupokea somo moja zaidi? Kungwi amwambie mwali: kuna maumivu ya kuvumilia, na kuna maumivu ya kusema. Asiyejua kuyatofautisha bado ni mtoto, hata akiwa na ndevu.

Najua kusema ni rahisi karatasini. Mwaka jana nilimwona Kaka, amekuja kwenye msiba wa mama mkubwa. Amekonda. Tulikaa chini ya mkorosho, nikatafuta maneno ya kumwomba radhi kwa lile jina la kijiweni, yakanikwama. Yeye ndiye aliyeanza.

"Nasikia unaandika, mdogo wangu."

"Najaribu, Kaka."

"Basi andika hivi: mimi kisu sikukiogopa. Nilimwogopa daktari."

Akacheka kidogo, halafu akafuta macho kwa mkono wa shati, mchana kweupe, wazee wakituona. Hakuna aliyemwambia kitu. Mimi nikamshika bega, na nikaomba radhi.