Haki ya Mgeni Kituoni

Ndugu msomaji, je, mtu anawiwa wema na yule ambaye hatamwona tena maishani? Nyumbani swali hili halitusumbui, kwani jirani hututazama na wazee wa ukoo hutukanya. Uzito wake huonekana katika vituo vya safari.

Masasi ilipata kuwa na stesheni ya reli. Njia iliyoanzishwa kwa ajili ya mradi wa karanga, uliovunjika mwaka 1951, ilifikishwa huko baadaye, kisha ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo msafiri hutegemea gari, akipanda uwanda wa juu wa Makonde kwenda Newala, au akielekea Tunduru, Nachingwea na Mtwara. Stendi imeirithi kazi ya stesheni, pamoja na wasiwasi wake.

Mtazame mama anayeshuka na mtoto mgongoni. Wapiga debe wawili wameukamata mzigo wake, kila mmoja akiuvutia kwenye gari lake. Wa tatu anamtupia neno la aibu kwa kuwa amekataa. Msimu wa korosho mwizi wa mifukoni naye huja, akijua kuwa mkulima ametoka kulipwa. Na tangu mwaka 2023, mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, wako wanaoshuka gizani wasijue pa kuelekea.

Ni nani basi anayeleta hofu hii? Wengi watamtaja mpiga debe. Kweli ana kosa, ingawa hulipwa kwa kadiri ya abiria anaowapata, na njaa humsukuma. Lakini wakorofi ni watatu, na waliokaa wakitazama ni hamsini. Mama yule huzidi kuogopa anapozitazama nyuso zile hamsini, asione hata mmoja atakayekuwa upande wake.

Pengine mtu atasema: "Mwenye nguvu mpishe, hiyo ni kazi ya polisi." Jawabu ni kwamba mwizi ni wa polisi, lakini askari hawezi kusimama kando ya kila mzigo na kila neno chafu. Wala hatuambiwi tupigane. Mara nyingi yatosha kumsogelea na kusema kwa sauti: "Shikamoo mama, unakwenda wapi? Njoo ukae hapa." Mwonevu humtafuta aliye peke yake, akiona ana watu, huregea.

Mtume Mtukufu s.a.w. aliwafundisha masahaba waliokuwa na desturi ya kukaa barabarani kwamba njia ina haki zake: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Angalia vema, ndugu msomaji: wajibu huu hakutwikwa mpita njia, bali aliyekaa. Kwa hiyo muuza maji, mama lishe, fundi viatu na abiria anayengoja gari ndio wenyeji wa stendi, na kila anayeshuka ni mgeni wao.

Watu wa pande hizi wanaijua thamani ya kupokelewa. Mwaka 1876 Askofu Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi hapo. Katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964 hadi 1974, wakimbizi wengi waliuvuka mto Ruvuma kuja upande huu. Wangapi leo ni wajukuu wa mtu aliyefika akiwa hana anayemjua! Ndiyo maana wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi wewe unayeitafuta dini ya kweli, usiipime imani yako kwa sala unayoonekana na watu peke yake. Ipime pia pale stendi, ambako hakuna ajuaye jina lako, wala hakuna atakayekusifu kesho. Tabia inayobaki pale ndiyo iliyo yako hasa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe amani kwa kila msafiri. Amin.