Kilichochakaa Kina Haki Gani Juu Yetu?

Wazee wetu wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ya pili yaonya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mwalimu huweza kuzieleza zote mbili darasani kwa dakika kumi, kisha akaendelea na somo. Lakini wako watu wanaoishi baina ya methali hizo mbili, na hali yao huwalazimu kuchagua upya kila mwezi. Katika makala hii napenda kumweleza mmoja wao, kisha tujiulize pamoja swali linalotokana na hali yake: je, kitu kilichochakaa, ambacho kimetutumikia kwa uaminifu, kina haki yoyote juu ya fedha zetu na dhamiri zetu?

Mtu mwenyewe ni jirani yangu hapa Kamembe, katika wilaya ya Rusizi, mahali ambapo wengi wetu tungali tunapaita Cyangugu ingawa mkoa wa jina hilo ulikoma mwaka 2006. Ni mwalimu mstaafu. Ana gari aina ya Peugeot 504 ambalo alilinunua likiwa limekwisha kutumika, akalipia kwa mshahara wa miaka mingi. Gari hilo lilimpeleka bibi arusi wake kanisani, likawapeleka watoto wake shuleni, na likabeba majeneza mawili ya jamaa zake. Sasa limesimama uani juu ya matofali, likifunikwa kwa turubai wakati wa mvua.

Gari la namna hiyo si kioja. Peugeot 504 ilianza kuuzwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Katika Afrika ya Mashariki ilijipatia sifa ya ushupavu, kwa kuwa ilishinda mashindano ya Safari Rally nchini Kenya mwaka 1975, ikashinda tena mwaka 1978. Huko Ufaransa gari hilo la abiria liliacha kuundwa mwaka 1983, ingawa viwanda vya Nigeria na Kenya viliendelea kuliunganisha kwa miaka mingi baada ya hapo. Zaidi ya magari milioni 3 ya aina hiyo yaliundwa. Wengi wetu tuliozaliwa zamani tumepata kupanda mojawapo, aghalabu tukiwa tumebanana watu tisa mahali pa watano.

Basi, kwa nini kulitunza leo kumekuwa mzigo? Jibu lake lina mafunzo. Kiwanda kikisha kuacha kuunda gari, vipuri hubaki kupatikana kwa njia mbili tu: katika akiba zilizosalia madukani, au katika maiti za magari mengine. Akiba hupungua, na maiti huyeyushwa zikawa nondo. Zaidi ya hayo, mwenye duka hawezi kuweka rafu nzima kwa ajili ya wateja watatu. Kwa hiyo huacha kuagiza. Ndipo linapotokea jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka ni kinyume cha akili: wanunuzi wanapungua, na bei inapanda.

Hapa kwetu kuna sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni umbali. Shehena hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, hufika Kigali baada ya safari ndefu, hukaa katika maduka ya Gatsata, kisha huvuka msitu wa Nyungwe mpaka Kamembe. Na kila mkono unaokipokea kipuri hutwaa fungu lake. Ya pili ni upande wa barabara. Sisi, pamoja na Burundi na Kongo, huendesha upande wa kulia, hali Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Mtu aweza kwenda katika soko la Kisekka mjini Kampala, au Kirinyaga Road mjini Nairobi, akapata pistoni na kabureta zinazomfaa; lakini chombo cha usukani cha huko kimeundwa kwa dereva aketiye kulia, na hakimsaidii kitu.

Liko pia soko la Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, ambalo tunaliona kwa macho tukiwa milimani kwetu. Lakini soko la ng'ambo ni soko la amani. Machi 2020, Rwanda ilipofunga mipaka kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na tena Februari 2025, vita vilipoingia Bukavu, kila mwenye haya aliona aibu hata kulitaja gari. Nalikumbusha jambo hili mapema, maana litatusaidia mbele: yako mambo ambayo yakitokea, mzani wetu hujirekebisha wenyewe bila ya kufundishwa.

Kabla ya kuendelea, wasomaji wanafunzi waniruhusu neno moja la lugha. Sehemu ya gari ya akiba ni kipuri, na wingi wake ni vipuri. Wengine huandika vipuli, na wengine hulicheka tamko hilo, kwa kuwa kipuli ni pambo la sikio. Madukani Dar es Salaam utasikia spea. Hapa Kamembe na Bukavu, kwa athari ya Kifaransa, utasikia piesi. Kitu ni kimoja. Lakini nakiri kwamba nikimwona jirani yangu akipangusa kipande cha chuma kwa kitambaa laini na kukitazama juani, huwaelewa wale wanaosema vipuli.

Sasa turudi kwenye swali. Iko hoja moja inayotolewa na vijana wa mtaa wetu, nayo si ya kubezwa. Wao husema: "Mwalimu, gari hili si lile ulilolinunua. Injini ulibadili, milango ulibadili, viti umeshona upya. Unatunza jina tu." Wanafalsafa wa Uyunani walijiuliza vivyo hivyo juu ya merikebu ya Theseus, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja baada ya moja. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika pwani yetu kulikuwa na mtepe, chombo ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za kumbi. Kamba zilipolegea na kuoza, chombo kilishonwa upya, na maisha yake yote yalikuwa ni kushonwa. Nahodha aliyekipanda asubuhi hakuona kwamba amepanda chombo kigeni. Na mkulima aliyebadili mpini wa jembe mara tano hulima bado kwa jembe la baba yake.

Kwa hiyo vijana wana haki kwa upande mmoja, nao wamekosa kwa upande wa pili. Wana haki kwamba kinachodumu si chuma. Wamekosa kudhani kwamba basi hakuna kinachodumu. Kinachodumu ni kazi inayofanywa na chombo, mikono inayokijua, na kumbukumbu ya watu waliobebwa nacho. Lakini tukilikubali hilo, yatupasa kukubali na matokeo yake: haki tunayoidhania kuwa ni ya gari, kumbe ni haki ya watu. Chuma hakidai kitu. Tunaowiwa ni fundi aliyetufundisha, jamaa waliojinyima ili tulinunue, na wale watakaopanda kesho.

Huo ndio mzani. Nitaeleza jinsi ulivyojaribiwa.

Kilichoharibika katika gari la jirani yangu ni chombo cha usukani, yaani ule upau wa chuma wenye meno unaogeuza magurudumu ya mbele. Fundi wetu ni hodari; kwa mashine ya kukerezea amekwisha kuunda vipande vingi vilivyokosekana. Lakini kuhusu usukani alikataa katakata. "Mzee," alisema, "kitasa nikikosea, mlango hautafungwa. Usukani nikikosea, utalala bondeni Nyungwe, na pengine hutalala peke yako." Niliheshimu jibu hilo kuliko ustadi wake wote. Mapenzi ya mtu kwa gari lake hayampi ruhusa ya kuhatarisha roho ya mpita njia, naye mkaguzi wa magari hamwulizi mwenye gari kama analipenda.

Ikawa katika kutafuta, jirani yangu akagundua 504 nyingine, umbali wa vilima viwili kutoka kwetu. Ilikuwa uani kwa mama mmoja mjane, ndani ya migomba, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Injini ilikuwa imekwisha kutolewa. Usukani ulikuwa mzima kabisa, na wa upande unaotakiwa. Mama yule hakujua kitu juu ya magari. Alikuwa anawangoja wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao wangelipima gari lote kwa kilo, na alifurahi kwamba mwalimu aheshimiwaye amewatangulia. "Mwalimu," alisema, "nipe utakachoona kinafaa."

Jirani yangu alijua kwamba kile kipande kimoja, lau kingepatikana Kigali, kingegharimu zaidi ya chuma cha gari zima. Alijua pia kwamba akikaa kimya hatakuwa amesema uongo. Angalitoa bei ya chuma chakavu na kuongeza kidogo, mjane angalishukuru, gari lingaliondoka juu ya matofali. Hapana mahakama ambayo ingalimshitaki.

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Uadimu haupandishi bei peke yake. Hupandisha na majaribu. Kitu kikiwa tele, hapana anayejaribiwa kumpunja mwenzake kwa ajili yake. Kikiwa adimu, na moyo wetu ukikiandama, basi ujinga wa mtu mwingine huanza kuonekana kama bahati yetu. Wengine watasema kwamba biashara ndivyo ilivyo, na kwamba kila mtu ana wajibu wa kujua bei ya mali yake. Nakubali kwamba muuzaji ana haki ya kulipwa kwa kuhifadhi, kwa kusafirisha, kwa kutafuta, hata kwa subira yake. Mnunuzi naye ana haki ya kunufaika kwa ujuzi wake. Lakini kutokujua kwa mjane si kazi iliyofanywa na mnunuzi, na dhiki ya mnunuzi si kazi iliyofanywa na muuzaji. Kwa hiyo hapana kati yao aliye na haki ya kujilipa kutoka humo. Mama yule alipomwachia mwalimu kukadiria, hakumwachia bei tu, bali alimwachia amana.

Jirani yangu akamwambia ukweli. Alieleza kipande chenyewe, akataja bei ya Kigali. Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, kwa adabu, kwamba ana mjukuu anayedaiwa ada ya shule, na kwamba kama ndivyo, basi naye angependa bei ya Kigali. Mwalimu hakuwa nayo. Nyumbani alikuwa na fedha zilizowekwa kwa ajili ya mabati ya jikoni, na mkewe, ambaye amelivumilia gari hilo kwa miaka yote, alimtazama tu bila ya kusema neno. Fedha za mabati hazikuguswa.

Watu wamemcheka. Wanasema amelikosa gari kwa ulimi wake. Mimi naona kwamba amepita mitihani miwili kwa siku moja: hakumdhulumu mjane kwa ajili ya chuma, wala hakumdhulumu mkewe. Kama gari lile lina heshima kwa sababu lilibeba arusi na misiba kwa uaminifu, lingewezaje kutengenezwa kwa hila na likabaki kuwa gari lile lile? Hapo kweli lingekuwa gari jingine, hata kama kila msumari wake ungekuwa wa asili.

Wala sisemi kwamba angeliacha lioze. Mwenye kutunza kitu cha kale, kwa gharama yake mwenyewe, bila ya kuwanyima wanaomtegemea, bila ya kuhatarisha wengine, huhifadhi na ujuzi wa mafundi ambao ukipotea haununuliki kwa kilo. Sisi walimu wa Kiswahili hatuna budi kulielewa hilo. Kwani kazi yetu nayo ni kutunza chombo ambacho kamba zake hubadilishwa kila kizazi.

Juzi jirani yangu alikwenda tena kwa yule mama, akamlipa fungu la kwanza. Wamekubaliana kulipana kidogo kidogo, na mama amewaambia wanunuzi wa vyuma chakavu wasirudi. Ada ya muhula huu imelipwa. Gari liko bado juu ya matofali, na huenda likakaa hapo mpaka mvua za masika ziishe.