Je, Mwenye Nia Njema Hudaiwa?

Huulizwa barazani: mtu akimdhuru mwenziwe hali alikusudia kumponya, je, ana deni? Wengi hujibu upesi kwamba nia njema imekwisha kumtoa. Sisi twaona jibu hilo lina haraka, na ushahidi wetu ni mambo ya Misri.

Tangu miaka ya 1950 hata mwanzo wa miaka ya 1980, serikali ya huko ilipigana na kichocho kwa kuwadunga wanavijiji sindano za dawa ya antimoni, si moja bali nyingi kwa kila mtu. Sindano zilitumiwa tena na tena bila ya kuchemshwa ipasavyo. Hivyo homa ya ini ya aina ya C, ambayo virusi vyake havikujulikana mpaka mwaka 1989, ikaenea kimya kimya katika damu za watu.

Nayo haiishii katika ini. Mwili hupigana na virusi, na mabaki ya vita hivyo huweza kukwama katika vichujio vya mafigo na kuviharibu. Mafigo yakishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kila juma, umri wake wote ila apate figo la mtu mwingine. Hebu ndugu msomaji piga hesabu ya nauli peke yake, na siku za kazi zilizopotea! Tena mashine hizo, usafi ukilegea, zimepata kuwaambukiza wengine homa ile ile.

Mwishoni mwa mwaka 2013 ilitoka dawa ya sofosbuvir. Marekani vidonge vya majuma 12 viliuzwa dola 84,000. Kalamu yaona haya kuandika. Misri ilishindania bei, na mwaka 2014 ikavipata kwa dola 900. Kisha, kati ya 2018 na 2019, ikapima watu wapatao milioni 50, na waliogunduliwa kuwa wagonjwa wakatibiwa bure.

Ama waliodunga sindano zile hawakukusudia uovu, na hatuwalaumu. Lakini lawama ni jambo moja na deni ni jingine: lawama hufuata nia, deni hufuata madhara. Aliyevunja mtungi wa jirani kwa kuteleza hatukanwi, illa mtungi hulipwa. Serikali ililipa, nayo yastahili sifa. Walakini wapo ambao dawa iliwafikia wamechelewa: virusi vimetoka, mafigo hayakurudi, na kesho ni siku yao ya mashine.