Huruma Isiyo na Kauli

Katika Kiswahili, mtu mwenye mgonjwa nyumbani husema kwamba ameuguliwa. Kitenzi hiki chastahili kuangaliwa. Anayeugua ni mwingine, lakini anayesema ameuguliwa naye amepatwa. Homa ya mtoto imemfikia mama. Na yule amtunzaye mgonjwa husemwa kuwa anamuuguza, na hapo ndipo tulipolipata jina la muuguzi. Kwa hiyo wazo la kwamba kuuguza ni kushiriki katika maumivu ya mwenzako hatukulipokea pamoja na hospitali. Lilikuwamo katika lugha tangu zamani.

Lakini yafaa tukumbuke jinsi mzigo huo ulivyogawanywa. Mama alikesha na mtoto. Alfajiri akapokewa na dada yake. Jirani akaja na uji. Mzee akaja kukaa tu barazani bila ya kusema neno. Mwanafunzi wa uuguzi hana msaada wa namna hiyo. Kijana wa miaka 19 au 20 huingia wodini asubuhi na kukuta safu ya watu wasio ndugu zake, na kila mmoja anamtazama. Mgonjwa mmoja akikata roho kabla ya adhuhuri, mwanafunzi hutakiwa kutandika kitanda kile na kwenda kupima homa ya mgonjwa wa kitanda kinachofuata. Hakuna anayempa pole. Kwa desturi pole hupewa wafiwa, naye hakuhesabiwa miongoni mwao. Je, ni haki kumtaka kijana huyu awe na huruma, kisha tukamnyima kauli?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies alichunguza kazi ya uuguzi katika hospitali moja kubwa ya kufundishia mjini London, ambako sehemu kubwa ya kazi za wodini ilifanywa na wanafunzi. Karibu theluthi moja ya wanafunzi hao waliacha masomo kabla ya kuyamaliza. Aliona kwamba kazi ilikatwa vipande vipande, ili mwanafunzi asikae na mgonjwa mmoja kwa muda mrefu. Mgonjwa aliitwa kwa namba ya kitanda, au kwa jina la kiungo kinachomuuma. Wengine waliamshwa usingizini ili wapewe dawa ya usingizi, kwa kuwa saa ya dawa ilikuwa imefika. Menzies hakusema kwamba wauguzi wale walikuwa wakatili. Alisema taratibu hizo zilikuwa ngao ya kuwakinga na hofu na huzuni, na kwamba ngao yenyewe haikuiondoa hofu ile, bali iliongeza mashaka mengine.

Tusiwacheke Waingereza. Ni nani kati yetu ambaye hajasikia wodini mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, akiitwa "yule wa malaria"?

Uchunguzi wa pili ulitoka Marekani, nao ulitangazwa mwaka 1966 na daktari Charles Hofling na wenzake. Mtu asiyejulikana, aliyejiita daktari, aliwapigia simu wauguzi 22, kila mmoja peke yake akiwa zamuni, akawaamuru wampe mgonjwa miligramu 20 za dawa fulani. Kwenye kisanduku cha dawa iliandikwa kwamba kipimo kisizidi miligramu 10 kwa siku, na sheria za hospitali zilikataza kupokea amri ya dawa kwa simu. Dawa yenyewe ilikuwa sukari tu isiyodhuru, na kila muuguzi alizuiwa kabla ya kuitoa. Kati ya wale 22, wauguzi 21 walikuwa tayari kutii. Lakini jambo linalotushughulisha zaidi ni hili: wachunguzi waliwauliza wanafunzi 21 wa uuguzi wangefanyaje katika hali hiyo, nao wote walijibu kwamba wasingetoa dawa ile.

Wako watakaosema kwamba wanafunzi wale walijisifu. Sisi twaona kwamba walisema kweli kama walivyoijua siku ile. Kujibu swali kwenye karatasi ni jambo moja. Kumwambia mkubwa "hapana" ilhali sauti yake imo sikioni mwako ni jambo jingine. Jambo hili la pili halikuwamo katika masomo yao, na halimo katika masomo mengi hadi leo. Wodi hufundisha kinyume chake: mwanafunzi aulizaye hukemewa mbele ya wagonjwa, na anyamazaye husifiwa kuwa ana adabu. Naye anyamazaye hurudi bwenini na alichokiona. Kwanza hukosa usingizi. Kisha hulia kwa siri. Baadaye halii tena, nasi twasema amekomaa, kumbe amekufa ganzi.

Hapa twagusa jambo la utamaduni wetu, na hatuna budi kulisema kwa uangalifu. Tumelelewa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni mafunzo mema. Mwanafunzi hajui mengi, na mara nyingi mkubwa wake ndiye aliye sahihi. Mwalimu anayehofu kwamba wodi itageuka soko ana hoja. Lakini mkubwa akikosea kipimo cha dawa, guu livunjikalo si la mwanafunzi wala si la mkuu. Ni la mgonjwa, ambaye hakuulizwa. Wala kauli tunayoitaka si ufidhuli. "Samahani Sista, kwenye karatasi nasoma miligramu 10, je, nimekosea?" Hakuna heshima iliyovunjwa katika maneno hayo. Na huruma yote ya kijana yule kwa mgonjwa imo ndani yake.

Tena si kweli kwamba wazee wetu hawakujua haja ya kumfungulia mdogo mlango wa kusema. Wangoni na Wahehe walipigana vita katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Na mtani huweza kumwambia mtani wake, hata msibani, neno ambalo mwingine asingethubutu kulitamka, na hakuna anayekasirika.

Mlango wa namna hiyo ulijaribiwa hospitalini. Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi yenye mambo 19 katika vyumba vya upasuaji vya hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa Tanzania. Kwa jumla, vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100. Sababu zilikuwa nyingi, na hatuthubutu kusema kwamba ni kauli peke yake. Lakini mojawapo ya mambo yale 19 ni kwamba, kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Muuguzi kijana naye hutaja lake mbele ya daktari mpasuaji. Baada ya hapo, anapohesabu shashi na kuona kwamba moja imepungua, si mara ya kwanza kwa sauti yake kusikika chumbani mle.