Kutu ya Chini ya Gari



Somo letu la Kwaresima hii ni Mathayo 23:25-28, mahali Bwana anapowaonya Mafarisayo kwa mfano wa kikombe kilichosafishwa nje tu.

Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu huko Uingereza baada ya vita. Kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa bati la aluminiamu, lisiloliwa na kutu kama chuma. Lakini chasisi, yaani mifupa ibebayo bodi, injini na abiria, ni ya chuma. Ndiyo maana Land Rover ya zamani yaweza kung'aa juu kama mpya, na chini imekwisha kuliwa.

Mimi ninayo moja ya namna hiyo. Kabla ya masika niliipeleka kwa fundi mmoja hapa Kilakala apige rangi milango. Akaniuliza, "Mchungaji, huko chini ulitazama lini?" Nikanyamaza.

Akaiinua kwa jeki, akaiegemeza juu ya magogo manene, ndipo akaingia chini. Akakwangua tope jekundu la njia za Uluguru, akagonga chuma kwa nyundo ndogo. Mahali pazima palilia kwa sauti kali. Mahali palipooza palitoa sauti nzito, na mara nyundo ikatoboa. Akanionyesha vitundu vidogo vilivyowekwa na watengenezaji ili maji yatoke ndani ya chasisi. Vilikuwa vimezibwa na tope. Maji yalikaa humo, na kutu ikala kutoka ndani kuja nje.

Fedha zilikuwa chache, nikamwomba apake rangi tu. Akakataa: "Ukipaka rangi juu ya kutu, umeificha ipate kula vizuri." Akasugua kwa brashi ya waya, akakata palipooza, akachomelea vipande vipya, akazibua vitundu. Mwisho ndipo akapaka rangi ya kuzuia kutu.

Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Miaka sita nilikuwa sisemi na ndugu yangu wa tumbo moja kwa ajili ya shamba la marehemu baba. Mimi ndimi niliyechukua upande ulio karibu na mto. Na miaka hiyo yote niliongoza maungamo mbele yenu, nikawagawia mkate na kikombe kwa mikono hii. Kanzu yangu ilikuwa safi.

Jumamosi nilimwendea. Hakunikaribisha ndani, tulizungumza tumesimama mlangoni. Nikamwambia kwamba nilikosa, na kwamba tuligawe shamba upya mbele ya wazee. Hajanijibu bado. Lakini kitundu kimezibuka, na maji machafu yameanza kutoka.

Basi, angalieni yale magogo. Fundi hakugonga kabla ya kuliegemeza gari, lisije likaanguka. Vivyo hivyo Mungu hatupigi nyundo ili atuangushe. Warumi 5:8 yatufundisha kwamba upendo wake ulitutangulia tulipokuwa bado wenye dhambi. Msalaba ndio unaotushikilia, hata tuweze kustahimili kuchunguzwa. Kwa hiyo msiogope.

Tena fundi aliniagiza nioshe chini kila nitokapo safari ya matope. Toba ni hivyo hivyo: si kazi ya siku moja ya kubarikiwa na Askofu, bali ya kila jioni.

Yupo miongoni mwetu anayedaiwa mshahara wa mtumishi wake wa nyumbani. Yupo asiyemwamkia jirani yake, nao huketi benchi moja kanisani. Kabla ya Ushirika wa Pasaka, mwendee mtu huyo kwanza, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 5:23-24. Usingoje nyundo itoboe.

Ee Bwana, utuchunguze pale tusipotazama, utusugue, ututengeneze, kwa ajili ya Yesu Kristo Mwokozi wetu. Amina.

Mtumishi wenu katika Bwana,
Mchungaji